Kanuni za shule zikija nyumbani, zije na sababu zake

Kila mwaka wa masomo ukianza, mzazi wa shule ya msingi hukabidhiwa karatasi za kanuni na kuombwa atie saini ukurasa wa mwisho. Wengi hutia saini wakiwa wima, mtoto akiwavuta mkono, nyuma yao kuna foleni. Muhula unafika katikati, mwalimu anakumbusha kanuni mojawapo, mzazi anakuja juu. Nimeshuhudia mabishano ya namna hii mara nyingi, na ninaamini chanzo chake si ukaidi wa wazazi wala ukali wa walimu. Karatasi ilimwamuru mzazi afanye nini, ikakaa kimya kuhusu kwa nini.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba shule isitume nyumbani kanuni yoyote bila sababu yake. Mzazi naye akishaijua sababu, aache kutafuta mwanya.

Tuanze na saa ya kumchukua mtoto, kwa sababu hapo ndipo uhusiano wa shule na nyumba huharibika kwanza. Kanuni huandikwa kwa mstari mmoja: watoto wachukuliwe ifikapo saa fulani. Mzazi aliyeko njiani huona dakika ishirini si kitu. Langoni mambo ni mengine. Mwalimu wa zamu haruhusiwi kumwacha mtoto peke yake, kwa hiyo hawezi kuingia kwenye kikao wala kusahihisha madaftari. Hawezi hata kwenda kumchukua mtoto wake mwenyewe, ambaye huenda naye amebaki kwenye lango la shule nyingine. Na huyo mdogo aliyebaki na begi mgongoni anawatazama wenzake wakiondoka mmoja mmoja. Mtoto wa miaka sita hajui habari za msongamano wa magari wala bosi aliyechelewesha kikao. Anachojua ni kwamba wa kwao hajafika.

Shule nyingine hudhani dawa ni faini. Wanauchumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walilichunguza jambo hili katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000. Kwanza walihesabu wazazi waliochelewa bila kubadilisha chochote. Kisha vituo 6 vikaanza kutoza faini ndogo kwa kila aliyechelewa zaidi ya dakika 10. Badala ya kupungua, wachelewaji waliongezeka hadi kufikia karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, hawakurudi kwenye idadi ya mwanzo. Waliendelea kuchelewa vilevile.

Mimi nausoma utafiti huo hivi. Kabla ya faini, mzazi alikuwa akimwonea haya mwalimu aliyekaa na mtoto wake bila malipo. Faini ilipokuja, haya iliondoka, maana sasa alikuwa analipia muda ule kama anavyolipia huduma nyingine yoyote. Shule ilikuwa imeuza kwa bei ndogo kitu ambacho hapo awali kililindwa na heshima kati ya watu wawili wanaojuana. Nikiwa mwalimu mkuu nisingetoza kitu. Ningemwomba mwalimu wa zamu asimame mbele ya wazazi kwenye kikao cha kwanza awaeleze jioni yake inavyokuwa mtoto mmoja akibaki. Ningetaka pia kila familia iandike jina la mtu wa pili na wa tatu anayeweza kuja haraka.

Kanuni ya majina hayo nayo huleta maneno. Mjomba anafika langoni, mtoto anamrukia kwa furaha, lakini mwalimu anamzuia mpaka mama apigiwe simu. Mjomba anajiona ametuhumiwa. Hajatuhumiwa. Mwalimu hana namna ya kujua kama wazazi wametengana kwa ugomvi, au kama kuna ndugu ambaye mahakama imemkataza kumkaribia mtoto. Furaha ya mtoto haiwezi kuwa ushahidi, kwa kuwa mtoto humfurahia yeyote anayemfahamu. Maelezo hayo yakitolewa mapema, mjomba mwenyewe atapongeza ukali wa lango.

Asubuhi je? Hapa ninaziona shule nyingi zikikosea, na ninasema kwa uchungu. Mtoto wa darasa la kwanza akichelewa anasimamishwa nje, au ananyimwa mapumziko, au anasemwa mbele ya wenzake. Mtoto huyo hakujiamsha, hakujivalisha sare, wala hakuchagua usafiri. Anaadhibiwa kwa jambo lililoamuliwa na watu wazima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Kumwaibisha mtoto mdogo kwa kosa la nyumbani kwao hakulindi chochote. Mwenye kuulizwa ni mzazi, na aulizwe kwa kumsikiliza kwanza: pengine anafanya kazi ya zamu ya usiku, pengine analea peke yake na ana mtoto mwingine wa kupeleka upande wa pili wa mji. Familia ya namna hiyo inahitaji mpango. Onyo la maandishi halitamfikisha mtoto mapema.

Mahudhurio yanahitaji hesabu, si vitisho. Mzazi akiambiwa tu kwamba utoro ni kosa, anawaza watoto wanaojificha vichakani, na anaona hayamhusu. Siku mbili kwa mwezi zinaonekana chache, lakini kwa mwaka wa masomo wa siku 180 unaochukua miezi tisa, zinafika 18. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya masomo yote, na ndicho kiwango ambacho mamlaka nyingi za elimu nchini Marekani huanza kukihesabu kuwa utoro sugu, hata kama kila siku ilikuwa na udhuru. Kwa mtoto anayejifunza kusoma pengo hilo ni zito, kwa sababu masomo ya miaka hiyo hujengwa moja juu ya jingine. Aliyekosa wiki ya kuunganisha silabi atahangaika wiki ya maneno na wiki ya sentensi.

Lakini kanuni hiyohiyo ya mahudhurio inagongana na kanuni ya ugonjwa, na mzazi huachwa katikati. Mtoto ameamka na homa, nyumbani hakuna wa kukaa naye, na shule imekuwa ikisisitiza asikose. Anapewa dawa ya kushusha homa, anapelekwa. Ifikapo saa nne dawa imeisha nguvu, mtoto analala juu ya dawati, na jirani zake wameshavuta hewa yake asubuhi nzima. Ndiyo sababu shule nyingi husema mtoto akae nyumbani mpaka homa iwe imetoka kwa saa 24 bila msaada wa dawa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha kanuni, na ndiyo yanayosahaulika. Tetekuwanga nayo husubiriwa mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magaga. Virusi vya surua huweza kubaki hewani kwa muda wa saa mbili nzima baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na darasani huenda yupo mtoto ambaye kinga yake ya mwili imedhoofishwa na matibabu ya saratani. Mzazi anayemleta mgonjwa hamjui mtoto huyo. Mwalimu anamjua, ila hana ruhusa ya kumtaja.

Chawa ni habari nyingine kabisa. Bado shule nyingi humrudisha nyumbani mtoto mara tu chawa wanapoonekana, na wengine humkagua mbele ya darasa. Chawa wa kichwa hawaruki, hawapai, wala hawaenezi maradhi. Wanatambaa tu, kichwa kikigusana na kichwa. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani, imekuwa ikishauri mtoto mwenye chawa asizuiwe darasani: amalize siku yake, atibiwe nyumbani, arudi. Kanuni ya kumfukuza imebaki kwa sababu ya aibu, na mimi ningeifuta leo.

Mzio (aleji) wa chakula, kinyume chake, ningeuandikia kanuni kali, kwa sababu mtoto mwenye mzio mkubwa anaweza kubanwa na pumzi ndani ya dakika chache tu. Shule ikiomba chakula fulani kisiletwe, tukubali bila kuuliza mara mbili.

Kazi ya nyumbani inanigusa kwa namna tofauti, kwa kuwa hapo kanuni huingia sebuleni. Mtafiti Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walikusanya tafiti za miaka mingi na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 2006. Waliona uhusiano kati ya kazi ya nyumbani na ufaulu una nguvu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko kwa wadogo wa msingi. Wakati huohuo, American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani, ilipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale kwa jumla ya saa 9 hadi 12 kila siku. Mtoto anayefumba macho juu ya daftari ameshalipa gharama kubwa kuliko faida. Basi shule iandike wazi: muda wa kulala ukifika, daftari lifungwe, mzazi aandike kwa ufupi kwamba hakumaliza, na mtoto asigombezwe. Nasi wazazi tuache kuwafanyia. Mwalimu akipokea kazi safi iliyofanywa na baba, hawezi kujua ni wapi mtoto amekwama.

Kuna kanuni moja ambayo ningetaka kila shule iiandike kwa herufi kubwa: mzazi asimwendee mtoto wa mwenzake. Wetu amesukumwa au ameitwa jina baya, damu inachemka, na tunamwona mhusika pale langoni. Mtu mzima anapoinama kumfokea mtoto asiye wake, hata akiwa na haki, yule mtoto anatishika, mzazi wake anasikia, na kufikia jioni ugomvi wa watoto wawili umekuwa wa koo mbili. Mara nyingi hao watoto wameshapatana na wanacheza. Aendewe mwalimu wa darasa, aliyewaona wote wawili wakiwa pamoja. Asiposaidia, aendewe mwalimu mkuu. Kundi la wazazi la WhatsApp lisiwe mahakama, na jina la mtoto lisitajwe humo kwa ubaya hata mara moja, maana ujumbe husambazwa na mwenye jina hana pa kujitetea.

Haya yote yanaidai nyumba. Shule inadaiwa nini? Karatasi nyingi hazisemi. Mzazi anajua ana siku ngapi za kuleta udhuru, ila hajui atasubiri jibu la barua yake kwa siku ngapi. Ameambiwa asiingie bila miadi, na hilo ni haki kabisa, kwani mwalimu hawezi kuzungumza na mtu mmoja huku darasa zima likimsubiri. Lakini miadi yenyewe inaombwa kwa nani, na je, upo muda kwa mzazi anayetoka kazini jioni? Mtoto akianguka uwanjani na kugonga kichwa, nyumbani watapigiwa simu saa ileile au wataona uvimbe jioni?

Basi ombi langu kwa kamati za shule na walimu wakuu ni hili. Kabla ya kuchapa karatasi za mwaka ujao, kaeni na wazazi wachache, wakiwemo wanaochelewa mara kwa mara, mpitie kanuni moja baada ya nyingine. Kila kanuni iandikiwe sababu yake kwa sentensi mbili, na chini yake shule iandike wajibu wake. Itakayokosa mtu wa kuitetea kwa sauti iondolewe. Kisha zisomwe kwenye kikao, kwa lugha inayozungumzwa na wazazi waliopo, kwa sababu wapo wasioweza kusoma na hawatanyanyua mkono kusema hivyo mbele ya wengine.