Mafuta ya upako, vidonge vya presha na sisi Wabaptisti

Huku Moshi ukisema we ni Mbaptisti watu wanakuangalia kama umesema unatoka Komoro. Hao ni KKKT? Hapana. Walokole? Kidogo. Mlima huu Walutheri na Wakatoliki walishagawana tangu enzi za Mjerumani, Machame na Marangu huku, Kibosho na Kilema kule, sisi tumekuja baadae sana, wamisheni wa Kimarekani walifika Tanganyika miaka ya 1950 afu wakaja kujenga chuo cha wachungaji pale Arusha, kwahiyo wachache tumebaki wachache na tumezoea. Nayasema haya mapema ili ujue anayeongea ni nani. Sio mchungaji, nauza spea za pikipiki. Na ndio, ni mhafidhina, wa kuzamishwa majini mtu akiwa na akili zake timamu, Biblia ndo neno la mwisho, na mbege sigusi hata kwenye msiba wa mjomba.

Sasa kilichonifanya niandike ni mama mmoja wa kanisani kwetu, fundi cherehani, mjane, ana presha ya miaka mingi na kadi yake ya kliniki imechakaa kama noti ya mia tano ya zamani. Akapotea ibadani kama wiki tatu hivi tukajua amepanda kijijini kusalimia. Kumbe alienda kwenye mkutano fulani wa injili akanunua kichupa cha mafuta ya upako kwa elfu kumi, akaambiwa apake asubuhi na jioni na asiwe na mashaka, na kwamba kumeza kidonge ndo mashaka yenyewe. Akaacha vidonge. Mwanae akaja kumkuta jikoni amekaa chini, mdomo umeenda upande, anaongea maneno hayaeleweki. Amelazwa siku sita. Mungu ni mwema anatembea, ila mkono wa kushoto bado mzito.

Nilivyoenda kumuona nikamwamkia, shikamoo mama, afu nikashindwa kujizuia nikamuuliza kwa nini hukutuambia lakini. Akaniangalia muda kidogo. "Mwanangu, nyie kila nikisema naumwa mnasema Mungu ana makusudi yake. Wale walinishika mkono wakaniuliza jina langu."

Hilo neno nimetembea nalo mwezi mzima.

Maana kwenye mafundisho sisi tuko sawa, na hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Luka aliyeandika injili Paulo anamwita tabibu mpendwa, hakumwambia aache kazi ya utabibu akawe mtume. Timotheo alikuwa na tumbo linamsumbua akaambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (na wewe unayecheka hapo, kidogo, na kwa ajili ya tumbo, sio kreti). Hezekia alishaahidiwa kabisa na Mungu kwamba atapona na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Halafu kuna Trofimo, huyu wahubiri wa mafuta hawamtaji kabisa, Paulo alimwacha Mileto hawezi. Paulo huyohuyo ambaye leso zake ziliponya watu Efeso! Sasa Trofimo alikosa imani? Au Paulo alisahau kubeba kichupa?

Na hii biashara haijaanza juzi. Mwaka 2011 watu wa huku walipanda kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu wa KKKT, mia tano tu kikombe, ila nauli ya kufika ndo ilikuwa inauza mbuzi na ng'ombe, magari foleni ya kilomita na kilomita porini huko, wagonjwa wengine wametolewa wodini na kuna waliofia kwenye foleni. Na wapo walioacha ARV wakijua wamepona. Afu 1 Februari 2020 hapahapa Moshi, uwanja wa Majengo, jioni, watu wanakimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa getini, wakakanyagana wenyewe. 20 walikufa. Mimi napita hapo Majengo karibu kila siku na sijawahi kupita bila kukumbuka.

Baada ya ile ajali nakumbuka kila kijiwe wanasema serikali iwapime hawa wahubiri, iwape leseni, asiye na cheti asishike maiki. Nikasema hapana, wakanishangaa, maana walitegemea mtu kama mimi ndo niwe wa kwanza kupiga makofi. Jamani, Wabaptisti tumezaliwa kwenye ugomvi huohuo. Thomas Helwys, mmoja wa waanzilishi wa Wabaptisti wa Uingereza, mwaka 1612 alimwandikia mfalme James kwamba yeye ni mwanadamu wa kufa na si Mungu, hana mamlaka juu ya roho za raia wake, na akataka hata Waislamu na Wayahudi waachwe waabudu bila kuadhibiwa. Akafungwa gereza la Newgate na hakutoka hai. Sasa leo niombe mkuu wa wilaya apime mahubiri? Kesho atapima ya kwangu. Serikali ihesabu mageti, ijue uwanja unabeba watu wangapi, imkamate anayemwambia mgonjwa atupe dawa kwa sababu hiyo ni kuua mtu, hapo sawa kabisa. Kusema yupi ana upako na yupi hana, hiyo iachwe kwa washirika wenye Biblia mkononi.

Tatizo washirika wenyewe ndo sisi, na sisi tumekalia kusema. Yakobo sura ya 5 imeandikwa waziwazi, mtu akiwa hawezi awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Yaani mafuta yapo kwenye Biblia! Ila angalia yanavyotembea, wazee ndo wanaenda kwa mgonjwa, hakuna uwanja, hakuna maiki, hakuna elfu kumi. Sisi tunaojiita watu wa Biblia tumeiogopa hiyo aya eti tutafanana na wale, tukaiacha barabarani, wenzetu wameiokota wanaiuza. Nimeuliza wazee wetu wawili mara ya mwisho kumpaka mtu mafuta ni lini, mmoja akasema hajawahi, mwingine akabadilisha stori akaanza kuongelea paa la kanisa.

Ni kama ishu ya sogea tukae. Msimamo wetu unajulikana, wanaoishi pamoja bila ndoa hawashiriki Meza ya Bwana, na mimi nakubaliana nao kabisa. Ila nenda kamuulize yule kijana mwendesha bodaboda kwa nini hajafunga ndoa, atakwambia kamati imeshakaa vikao, ukumbi, keki, MC, sare za kamati, milioni kadhaa anaziona kwa macho tu, na waliomwekea hiyo bajeti ni walewale wanaomnyima Meza. Mchungaji afungishe ndoa Jumapili baada ya ibada, soda na maandazi, watu wakapike ugali wao nyumbani. Nimeshalisema hili, mama mkwe wangu hajafurahi.

Basi kwenye mkutano wa washirika, maana kwetu kila mshirika ana kura, hata huyo mama na huyo dogo wa bodaboda kama amebatizwa, nikasimama nikaomba mambo mawili tu. Wazee wawe na siku ya kwenda kwa wagonjwa, Alhamisi, na wakienda waombe halafu waulize vidonge vimebaki vingapi. Mzee mmoja akasema kuhesabu vidonge ni kazi ya nesi. Tukabishana karibu saa nzima, kura zikapigwa, ikapita kwa tofauti ya kura nne. La pili, la ndoa za soda, limeahirishwa, naona kinamama wa kamati wanataka kujipanga.

Alhamisi ya kwanza tukaanzia kwa fundi. Wazee wakasoma, wakaomba, yule aliyesema kazi ya nesi ndo akahesabu vidonge mwenyewe, kumi na nne. Wakati tunaaga nikaona kile kichupa kipo juu ya meza ya cherehani, kimefika nusu. Kumbe anapakia mashine. Nikamwambia mama hayo ni mafuta ya alizeti tu, yataganda humo ndani cherehani ikatae kuzunguka.

"Elfu kumi baba," akasema, "siwezi kumwaga."