Mipira Mitatu Uwanjani

Mimi televisheni hii sikuinunua. Nilipewa. Shemeji yangu alikuwa anahama, akanipigia simu: "Shem, njoo uchukue televisheni, bure kabisa." Mwenye akili angejiuliza kwa nini mtu abebe hadi vibanio vya nguo halafu televisheni aiache. Mimi nikajiuliza itapitaje mlangoni. Tuliibeba wanaume wanne, na fremu ya mlango ina kovu mpaka leo. Hii si hizi zenu nyembamba za kutundika ukutani kama kalenda. Hii ni projekta iliyojificha ndani ya kabati, kilo mia na kitu, na ukiisukuma kinachosogea ni mgongo wako.

Ndani mna tyubu tatu za inchi 7, zile chupa za kioo zinazotoa picha: nyekundu, kijani na bluu. Kila moja ina lenzi yake, na zote zinarusha picha kwenye kioo kilicholala mshazari kule nyuma, kioo nacho kinairudisha kwenye skrini. Wahenga walisema mafahari wawili hawakai zizi moja. Aliyeitengeneza hii akaweka watatu, tena akataka wakanyage nukta ileile bila kupishana hata unywele. Miaka ya mwanzo wanaelewana. Halafu nyekundu ananuna.

Nakumbuka penalti moja. Mshambuliaji wetu mwekundu alikuwa hatua moja mbele ya mwenziwe wa bluu. Wakapiga. Kipa akaudaka mpira wa bluu, mwekundu ukagonga mwamba, wa kijani ukaingia wavuni. Nyumba nzima tumeduwaa, hatujui tushangilie au tulie. Ikabidi tusikilizie kelele za majirani.

Nikaingia kwenye menyu ya kupanga rangi. Inakuletea misalaba, kijani ndiyo mwongozo, nyekundu na bluu unazisogeza kwa rimoti mpaka zilale juu yake, mstari uwe mweupe. Kusema ni rahisi. Nilikaa saa moja na nusu. Katikati pakanyooka, pembeni pakawa kama wavu uliokamata papa. Ile mistari ya bluu ya juu ilijikunja kama ulimi na rimoti haikuisikia kabisa. Ukifika hapo, ndugu yangu, pumzisha vidole. Hapo si suala la kupanga tena. Zimekufa aisii, vile vijibonge vyeusi vya saketi vinavyoelekeza miale. Zimebanwa kwenye bati la kupozea na bado joto ndilo linalozimaliza, na zikiondoka mara nyingi huondoka na rezista za jirani, vile vijifaa vya kubana umeme.

Afadhali hilo la picha. Umeme ndio ulionizeesha. Unawasha: klik. Unasubiri. Klik nyingine, imezima, na kile kitaa chekundu kinakukonyeza. Shemeji akaniambia kwenye simu kwamba ile ni lugha: televisheni inapojilinda inakonyeza mara kadhaa, na ile idadi ukiitazama kwenye kitabu cha mafundi unajua upande wenye shida. Hesabuni, akasema. Mimi nikapata tano. Mama Zawadi sita. Zawadi akasema saba, lakini yeye ndio kwanza kaanza darasa la kwanza. Tukawasha tena ili tuhesabu upya, na tena, na tena. Mara ya tisa ikawaka yenyewe, nadhani kwa kutuchoka. Fundi alikuja kunieleza baadaye: kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zikichoka ni kama wazee asubuhi ya baridi, mpaka zipate joto ndipo zinyanyuke. Akanionyesha moja, kichwa kimetuna kama chura.

Katikati ya hayo tuliishi kwa makofi. Lehemu ikipata moto na kupoa kwa miaka hufanya ufa mwembamba, kijiduara kuzunguka mguu wa kifaa, na ukiitikisa inagusana kidogo. Kofi langu halikufua dafu. Mama Zawadi anapiga moja tu, picha hiyo hapo. Sijamuuliza alikojifunzia.

Siku moja nikaifungua mwenyewe. Nilichomoa plagi tangu jana yake, na bado kule kwenye waya mnene wa tyubu sikupeleka mkono: ikiwa inawaka mle mna volti kama 30,000, na hata ukiichomoa hubaki na umeme wake, inakusubiri kama mdai. Nikaishia kwenye kioo. Kina vumbi, nikakifuta kwa kitambaa kikavu, nikajiona fundi. Kumbe kioo cha chumbani dawa inayorudisha taswira iko nyuma yake, hiki dawa iko mbele, wazi! Tangu siku hiyo kila mtangazaji wa habari ana mkwaruzo shavuni.

Nikachungulia lenzi, nikaona maji. "Shem, televisheni yako ina maji!" Alicheka mpaka simu ikakatika. Eti ni kimiminika cha kupozea tyubu. Kikizeeka kinaweka ukungu, picha unaitazama kama uko ndani ya chandarua. Kikivuja, mtoto akae mbali maana ni sumu, na kikidondokea bodi, unaizika. Changu, nashukuru, kilikuwa na ukungu tu.

Fundi akaja. Akabadilisha aisii, akarudia lehemu, akang'oa vyura vyake vyote. Jioni mistari imenyooka kama daftari jipya. Mechi ikaanza: mchezaji mmoja, mpira mmoja, mpaka Zawadi akauliza mingine imeenda wapi. Dakika ya mwisho mshambuliaji wetu akabaki yeye na kipa, akapaisha. Ulipita juu kabisa ya mwamba, peupe, hakuna hata wa kijani wa kututetea.

Mama Zawadi akainuka, akaizaba televisheni kofi.

"Imepona hiyo!" nikapiga kelele.

"Najua," akasema, akaketi.