Vua Shati, Baba Mtoto

Desemba iliyopita, kama Mchagga yeyote aliyepata nauli, nilipanda Kibosho kula Krismasi. Safari hii nilikuwa na mke na mtoto wa miezi minne. Hatujamaliza hata kushusha mabegi, mama kashamchukua mjukuu wake. Beseni likaletwa, maji ya uvuguvugu yakamiminwa, kopo la mafuta ya nazi likatumbukizwa kwenye maji moto yayeyuke. Mama akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja. Kazi ikaanza: mkono wa kulia unavutwa kukutana na mguu wa kushoto, mgongo unachuliwa kuanzia shingoni, makalio yanapigwa vikofi. Mtoto akalia, akanyamaza, akalia tena, akafungwa kwenye kanga. Akalala masaa manne.

Mimi kule Leipzig, Ujerumani, ninakoishi, sijawahi kumlaza masaa manne mchana. Naanza na hilo msije mkadhani nimerudi kuwafundisha mama zetu kulea. Nilichonacho moyoni ni kingine, nacho kinahusu mikono ya akina baba.

Mke wangu, mtu wa Tengeru, alijifungua kwa upasuaji. Wakati wanamshona, mkunga akanigeukia akaniambia nivue shati. Nikadhani Kijerumani changu kimenisaliti. Akarudia, sasa kwa vitendo. Nikakaa kwenye kiti kifua wazi, akaniwekea mtoto akiwa na nepi na kofia tu, akatufunika blanketi. Kiumbe kilichokuwa kinapiga kelele za kupasua dari kikatulia. Aliyelia alikuwa mimi.

Baadaye mkunga akawa anakuja nyumbani, maana kule bima ya afya humlipa amtembelee mzazi wiki za mwanzo. Ndiye aliyenifundisha kumchua mtoto, na somo alinipa mimi makusudi, mke wangu akiwa amelala. Unapasha mafuta kwenye viganja, unamwonyesha mtoto mikono, unamsubiri. Akikuangalia, endelea. Akigeuza uso au akijikunja mgongo kama upinde, acha, leo hataki. Usimchue akiwa ametoka kunyonya. Na nenda polepole: kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna neva zinazoitikia zaidi mguso mwepesi wenye joto la mwili, unaotembea kati ya sentimeta 1 na 10 kwa sekunde. Ndio mwendo ambao mtu humpapasa nao mtoto wake bila kufundishwa.

Nilipomsimulia mama habari ya kumwomba mtoto ruhusa, alicheka mpaka akaweka dodoki chini. "Na akikataa ndiyo haogi?"

Tuseme ukweli, kwa mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, kuchuliwa si muujiza. Anatulia, na wewe unamzoea: unajua wapi anatekenyeka, wapi hapendi kuguswa. Hiyo inanitosha. Kwa njiti ndipo mguso unapogeuka kuwa dawa. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey aliona mashine za kuwapa watoto joto hazitoshi, akaanza kuwafunga njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo hii tunayoiita kangaruu. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto waliozaliwa na kati ya kilo 1 na 1.8. Wale walioanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie kwanza, vifo vyao katika siku 28 za mwanzo vilikuwa pungufu kwa asilimia 25. Hapo hakuna kidonge, ni kifua cha mtu.

Sasa niwape kisa cha mdogo wangu anayekaa Pasua, mjini Moshi. Mwanawe alizaliwa njiti, kilo 1.6, katika hospitali ambayo sitaitaja. Shemeji yangu alikuwa na presha kali, hawezi hata kukaa. Mdogo wangu alishinda kwenye benchi la nje na chupa ya uji, analipa kila karatasi anayoletewa, kisha anaambiwa wanaume hawaingii wodi ya wazazi. Alimshika mwanawe mara ya kwanza siku ya 19. Siku zote hizo kifua kipo pale nje, kizima, kina joto, na hakuna aliyekikumbuka, hata yeye mwenyewe. Ninaelewa ugumu wake: wodi moja, akina mama wengi, wote wananyonyesha. Lakini pazia bei gani?

Sheria nayo inatusaidia kukaa benchi. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na baba siku 3. Siku tatu, ndugu zangu, ukitoa ya kumtafuta kuku na ya kumsindikiza mama mkwe imebaki moja. Mimi nilipata miezi miwili yenye malipo, kwa sababu Wajerumani wameiweka posho yao hivi: miezi 12, na ikiwa baba naye atachukua angalau miwili, inakuwa 14. Asipoichukua inapotea. Mjerumani hapendi kupoteza kitu.

Ila miezi yangu miwili ilipokwisha nilirudi kazini, mke wangu akabaki ghorofa ya nne na mtoto mikononi, asubuhi mpaka jioni, hana hata mtu wa kumpokea akaoge. Akajiandikisha darasa la kuchua watoto, la kulipia. Nilimsindikiza siku moja, nikaona wale akina mama hawakufuata ufundi, walifuata watu. Kibosho nilihesabu: siku moja mtoto wetu alibebwa na watu kumi na mmoja, akiwemo jirani aliyekuja kukata majani ya ng'ombe. Hilo Leipzig halipo, hata uwe na bima ya namna gani.

Yapo ya kwetu ambayo ningependa yafe, kama kumminya kichanga matiti na kumning'iniza kwa mkono mmoja eti akomae. Mama aliyaacha siku nyingi, nilipomuuliza akanijibu kwa kunitazama tu.

Siku ya tatu nilimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, nikashuka naye dukani kununua chumvi. Meku mmoja, yaani mzee wa Kichagga, aliyekuwa amekaa na kibuyu chake cha mbege akanisimamisha.

"Mangi, mkeo anaumwa?"

"Hapana meku, amepumzika."

Akanitazama muda mrefu. "Basi anayeumwa ni wewe."

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jioni mdogo wangu akapanda na mwanawe, ambaye sasa ana mwaka na mashavu ya kutosha. Alinizungukazunguka, akaangalia fundo la mbeleko, akashika ncha yake.

"Kaka, hebu nifunge na mimi," akasema. "Ila twende kule nyuma ya migomba."