Sikujaribu Kuruka, Jamani

Wadau, kabla hamjanitumia tena ile video, naombeni mnisikilize mimi mwenyewe. Rafiki yangu, ambaye kuanzia leo ni mtu tuliyekuwa tunafahamiana, ameisambaza na maneno "jamaa kataka kupaa kama mama yake." Sikutaka kupaa. Nilikuwa nashona.

Mama mnamjua. Kwa wageni: ndiyo, ni yule yule. Ndiyo, anapaa. Hapana, mimi sipai. Na hapana, "haitakuja baadaye," nina ndevu tayari. Mdogo wangu alikuwa anagonga kichwa darini kabla hajajua kutembea, ikabidi baba amfunge kamba kiunoni asije akatokea dirishani. Mimi nilitembea kwa wakati wangu, nikaanguka kwa wakati wangu, na nikianguka naenda chini. Daktari alituchorea kwenye karatasi: mama ana nakala mbili za hiyo jeni, baba, ambaye ni mhasibu na anaogopa ngazi, lazima anabeba moja bila habari, kwa hiyo kila mtoto anayezaliwa ni sarafu inarushwa juu. Mdogo wangu akapata anga. Mimi nikapata pua ya mama na magoti ya baba.

Sasa, nyumba yenye shujaa ina kazi ambazo hamzioni kwenye picha. Mama akisimamisha lori kwa bega, lori linasimama, bega halina neno, ila mshono wa bega umekwisha. Nani anashona? Yule asiye na shughuli angani. Nimeanza kushona vazi la mama nikiwa bado nasoma, na bila kujisifu, nimefika mbali. Kitambaa chenyewe hakipenyi risasi. Sindano nayo haipenyi, mpaka uipitishe kwenye matundu yale yale ya zamani, moja moja, huku unatukana kimoyomoyo kwa sababu mama anasikia. Lakini uzi ni uzi wa kawaida tu. Huo uzi mnaushika? Ushikeni.

Juzi mama alikwenda saluni kutia rangi nywele, akaniachia vazi. Nikamaliza bega. Ila fundi yeyote atakwambia, mshono wa bega huujui mpaka mtu avae. Mdogo wangu hayupo, yuko huko juu na wenzake. Baba ana mabega ya mhasibu. Nikavaa mimi. Na joho, maana limeshonewa hapo hapo begani. Na barakoa... barakoa ni habari nyingine, msianze.

Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Haipandi, haishuki. Mkono haufiki. Nikakumbuka kule juu ya paa kuna nondo zimechomoza, zinasubiri ghorofa ambayo baba ameiahidi tangu sijazaliwa. Wazo langu, na bado naona lilikuwa wazo zuri, ni kwamba nikiipa nondo mgongo, kichwa cha zipu kinase kwenye ncha yake, nichuchumae, kazi imekwisha. Nikapanda. Nikaipa mgongo. Nikasikia kitu kimenasa. Safi kabisa.

Ndipo watoto wakaanza kule chini. "Shujaa! Shujaa!"

Nikapunga mkono. Wewe ungefanyaje? Miaka yote hii watu wanakodolea macho juu kumtafuta mama, halafu siku moja wanakodolea wewe.

Mmoja akauliza, "Mbona kanenepa?" Wenzake wakamnyamazisha. Wakasema mpira wao umekwama kwenye kile kizingiti cha zege juu ya dirisha la jirani yetu wa ghorofani, kama naweza kuwachukulia. Nilikuwa nauona. Ulikuwa pale pale, nikiinama tu. Nikainama. Paa lilikuwa na maji. Mguu ukaenda, mwingine ukaufuata kuulizia kulikoni, na hapo nikagundua kwamba kilichonasa kwenye nondo haikuwa zipu. Lilikuwa joho.

Mimi nikashuka. Joho likabaki.

Hapa twende polepole, kwa sababu video ni ya sekunde ishirini na ushee na mtu mzima mmoja anadai ameitazama mara nyingi kuliko harusi yake.

Ninaning'inia, nimeutazama mtaa, barakoa imenipanda jicho moja. Kutoka nyayo zangu hadi chini ni kama mita 5. Watoto wa mashujaa hesabu hizi tunazijua kwa kichwa: mita 5 ni sekunde moja ya kuanguka, na unafika chini ukiwa na kasi ya kilomita 36 kwa saa. Watoto wanashangilia. Wanadhani ndivyo inavyoanza.

Nikanong'ona, "Mama, njoo."

Watu wengi hawaelewi jambo hili kuhusu masikio ya mama. Anasikia, ndiyo, mnong'ono wowote, popote. Lakini sauti yenyewe haina mama shujaa. Hewani inakwenda mita 340 kwa sekunde, iwe inapeleka habari ya msiba au ya umbea. Saluni iko kama kilomita tatu na nusu. Maana yake neno "njoo" linatembea sekunde 10 kabla halijamfikia. Halafu na yeye hawezi kuja kwa kasi anayotaka, kwa sababu akiipita kasi ya sauti kunatokea ule mlipuko, na vioo vya njia nzima vinakwenda. Baba bado ana faili la madai ya vioo. Kwa hiyo anakuja kistaarabu, chini kidogo ya sauti, sekunde nyingine kumi na kitu. Huo muda wote mimi nafanya nini? Naongea. Mtu mwenye hofu anaongea. Na kwa kuwa ni mnong'ono, na barakoa ipo, nikajua ni siri yangu mimi na mama.

"Mama, nimevaa vazi lako, usikasirike."

Tii. Hiyo ni sauti ya mshono wa kwanza. Mnaukumbuka uzi? Kitambaa kinazuia risasi, nondo ingeweza kubeba lori, ila kati ya kitambaa na kitambaa nipo mimi na kazi ya mikono yangu.

"Zipu ilikuwa mbovu kabla. Usimwambie baba."

Tii.

Kisha nikageuzwa na upepo, nikajikuta uso kwa uso na dirisha. Pazia lilikuwa wazi. Jirani yupo ndani na mswaki mdomoni. Hakupiga kelele. Ameacha tu kusugua. Tukatazamana, mimi na jicho langu moja, tumbo langu liko usawa wa uso wake na zipu imeachia kwa nyuma kiasi kwamba kila upepo ukipita vazi linajaa hewa.

Nikanong'ona, na hapa ndipo natamani sauti ingepotea njiani, "Mama, ni yule jirani. Yule ninayemshonea vifungo bure. Nampenda mama, halafu ananiona kitambi."

Tii.

"Na nadhani nimejikojolea. Kidogo."

Kwenye video, kabla ya mshono uliofuata, kuna sehemu nimefumba macho, nimekaza tumbo na kunyoosha mikono yote miwili mbele. Mikono ni kwa ajili ya mizani. Kuhusu kufumba macho sitajibu maswali.

Tii. Tii. Nikashuka kiganja kimoja. Watoto wakasema "Ooooh," na mmoja, Mungu ambariki, akauchukua mpira wake. Ulikuwa umedondoka wenyewe zamani tu.

Mama akafika.

Alifika na mfuko wa plastiki kichwani, taulo la saluni shingoni, mchirizi wa rangi nyeusi kwenye paji la uso. Akanishika kwapani na kuanza kunishusha taratibu, kwa sababu kudakwa ghafla na mtu mgumu vile kunaumiza sawa na kudakwa na sakafu, wangapi wamevunjwa mbavu na mashujaa wapya wasiojua hilo. Nikapumua. Nikadhani yamekwisha.

Mnajua mtu anayepigiwa simu ya mbali, laini inachelewa, anajibu maswali uliyouliza kitambo? Mama alikuwa ameyapokea yote akiwa njiani, kwa mpangilio. Na sauti ya mama ni ile ya kusimamisha treni. Hana nyingine.

"Sijakasirika!" akasema. Mtaa mzima ukanyamaza.

"Zipu haikuwa mbovu!"

"Baba yako nimeshamwambia!"

Nikamwambia mama, mama, basi. Lakini tulikuwa ndiyo kwanza tunapita usawa wa dirisha, akageuza shingo, akamtazama jirani na mswaki wake kuanzia juu hadi chini, kwa upendo kabisa. "Ndiye huyu? Mzuri! Na kitambi si kitu, baba yake alikuwa nacho tangu ujana!"

Nikaomba mshono wa mwisho uachie. Ule ndio haukuachia. Nilikuwa nimeurudia mara mbili.

"Na hilo la mwisho," akamalizia tukigusa chini, "kuna suruali kavu kwenye kamba!"

Mengine hayana maana. Mama alirudi saluni kabla rangi haijamchoma. Baba amekaa na kalamu anatafuta gharama ya kufuta nondo. Mdogo wangu amejifunza kulitoa "Tii" kwa mdomo na anapita nalo darini usiku. Vazi limerudi mezani kwangu, bega lile lile.

Leo asubuhi jirani ameniandikia. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kuufungua ujumbe. Anasalimia, anauliza kama mama yupo, ana kabati la nguo anataka lihamishwe chumba.

Nimemjibu mama hayupo, lakini kabati hilo nitalihamisha mimi. Amesema kesho saa nne. Naombeni watu wawili wenye migongo mizima, waje saa tatu na nusu, na wasije na simu.