Kompyuta Iliyopungua Kilo Mbili na Nusu

Sisi mafundi kompyuta tuna jina baya la wizi wa RAM, vile vijiti vya kumbukumbu vya ndani. Mteja analeta mashine ina RAM mbili, inarudi na moja, na hajui kitu kwa sababu inawaka vilevile. Wajanja hupiga picha ndani kabla ya kuiacha. Wengine hubandika stika juu ya skrubu. Mama mmoja wa huku Ilemela, Mwanza, nyumba yake iko hatua chache kutoka mwaloni wanakoshushia samaki, yeye kompyuta yake aliipandisha kwenye mizani.

Ananunua na kuuza mabondo. Kwa asiyejua, bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya sangara. Likikaushwa husafirishwa mpaka China, na kilo yake ina bei kuliko ya samaki mwenyewe. Mtu aliyezoea mali ya aina hiyo hawezi kukwambia "kama kilo kumi hivi." Mizani za kidijitali anazo mbili: moja iko barazani, ya kununulia kwa wavuvi, nyingine iko chumba cha ndani, ya kuuzia kwa wanunuzi wakubwa. Nilipokwenda kuichukua mashine, aliipima kwenye ile ya ndani, akavaa miwani, akaandika kwenye daftari lilelile la wavuvi: Fundi. Kompyuta. 10.86. Akanipa kalamu nisaini.

"Mayu," nikamwita, ndiyo mama kwa Kisukuma, "hata kompyuta inapimwa?"

"Kila kinachotoka humu kinapimwa, mwanangu. Wewe saini."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kuchelewa kuwaka. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba, kichakataji cha zamani cha Core 2 Duo, RAM 2 GB, diski ya 250 GB inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na Windows 10 iliyowekwa na kijana wa nyumbani. Watoto huifanyia kazi za shule, mama huwekea hesabu za mabondo kwenye Ekseli. Utaratibu wa nyumba ile ulikuwa kwamba kompyuta inawashwa kwanza, ndipo chai inainjikwa. Chai itaiva, itanyweka, vikombe vitaoshwa, ndipo Ekseli ifunguke. Baba mwenye nyumba alisema ni virusi. Mtoto mkubwa alisema ni RAM. Jirani alisema ni umeme mdogo. Dada wa kazi alisema imechoka tu, na ukiniuliza mimi, dada ndiye aliyekaribia ukweli.

Mashine inayochelewa kuwaka haianzi kufunguliwa kwa bisibisi. Inaanza kupimwa kwa saa ya simu, tena kwa vipande, kwa sababu kila kipande kina mshitakiwa wake. Hii ilichukua dakika 1 na sekunde 10 tangu kubonyeza kitufe mpaka nembo ya Windows, dakika 3 kutoka nembo mpaka mahali pa kuandika nywila, halafu dakika 6 na sekunde 40 kutoka nywila mpaka Ekseli ikubali kufunguka. Windows nayo hujiandikia siri zake: ukiingia Event Viewer, sehemu ya Diagnostics-Performance, ukatafuta tukio namba 100, utakuta muda wa kuwaka umeandikwa kwa milisekunde. Ya mama ilisoma 581,000 na ushee, karibu dakika 10. Na hapo haikuhesabu ile dakika ya kwanza, maana Windows yenyewe ilikuwa bado haijaamka.

Dakika ya kwanza ni ya BIOS, ile programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows. Mashine ya umri ule ikiwa nzima hupita hapo kwa sekunde 10 mpaka 15. Ikikwama, ina maana kuna kifaa kinaitwa na hakiitiki. Nikachomoa kebo ya kisomea DVD, muda ukaanguka kutoka sekunde 70 mpaka 30. Kisomea DVD kilikuwa kimekufa, na kila asubuhi BIOS ilikuwa ikimbishia hodi marehemu. Sekunde nyingine zililiwa na flashi ya kwaya iliyochomekwa nyuma na kusahaulika, pamoja na mpangilio uliotaka mashine itafute Windows kwenye flashi kwanza, halafu kwenye mtandao, ndipo ikumbuke kwamba ina diski. Nikaweka diski mbele. Ila mpangilio huo usingekaa bila kubadili betri ya ubao mama, ile CR2032 ya mviringo. Mpya hutoa volti 3. Ya mama ilisoma 2.1, ndiyo maana kila umeme ukikatika kompyuta ilikuwa inarudi mwaka 2009 na kudai ubonyeze F1.

Kipande cha mwisho, kile cha baada ya nywila, ni cha programu zinazojianzisha zenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Startup, utawaona wote. Humo kulikuwa na antivirusi mbili zinazokaguana, kisaidizi cha printa iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu, na gemu za watoto zinazotafuta maboresho kila alfajiri. Antivirusi zote mbili nikaziondoa, ikabaki ile ya Windows yenyewe. Nyingine nikazizima tu bila kuzifuta. Dakika 6 na sekunde 40 zikawa 4. Fundi mwenye haraka angepokea hela yake hapo na kuondoka.

Mimi niliangalia ukurasa wa Performance, palepale penye Startup, nikaona diski inafanya kazi kwa asilimia 100 huku ikisoma MB 1.3 kwa sekunde. Diski nzima ya namna ile inavuka 80 kwa urahisi. Ikihema kwa asilimia mia na hakuna kinachotoka, hiyo si shughuli, hiyo ni kukata roho. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikanionyesha rangi ya njano na namba mbili zisizopendeza: 05, yaani sekta zilizokwisha kufa na kupewa mbadala, na C5, sekta zinazosubiri hukumu. Diski ikifika kwenye sekta ya C5 hujaribu kuisoma tena na tena, sekunde zinapita, na Windows nzima inasimama kungoja. Hapo wengi hukimbilia zana za Windows za kupanga na kukarabati diski, defrag au chkdsk /r. Usithubutu. Dawa hizo zinaikimbiza diski mahututi kwenye kila kona, na inaweza kukufia mkononi kabla hujaokoa faili hata moja. Kwanza nakili, na uanze na vitu vidogo vyenye thamani. Nilianza na Ekseli za mabondo, picha za harusi zikafuata, gemu nikaziacha zizame na meli.

Nikanunua SSD, diski isiyozunguka, ya 240 GB. Soketi za diski za ubao ule ni za SATA kizazi cha pili, mwisho wake gigabiti 3 kwa sekunde, kwa hiyo SSD inatoa kama nusu ya uwezo wake. Haina neno. Kuwaka kwa kompyuta ni kusoma maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika, na diski ya kuzunguka hutumia kama milisekunde 13 kukifikia kila kimoja, wakati SSD haifikishi hata moja. Kabla ya kuweka Windows upya nilihakikisha BIOS iko AHCI, namna yake ya kuongea na diski, maana ukibadili baadaye utakaribishwa na skrini ya bluu. Leseni ilijirudia yenyewe, ubao ukiwa ni uleule. Windows 11 usiniulize: Core 2 Duo haina maagizo ya kichakataji ambayo matoleo yake mapya yanadai. Nikaongeza na RAM ya 2 GB, zikawa 4.

Halafu usafi. Anayeishi kando ya ziwa anawajua wale vijidudu wanaopanda kutoka majini kwa mawingu, wakiona taa wanaingia ndani kwa maelfu, asubuhi unawafagia. Feni ya kompyuta inayokesha dirishani inawavuta wote. Kati ya feni na mapezi ya kupoozea kichakataji nilikuta blanketi zima, kavu, lenye harufu ya ziwa. Feni niliishika kwa kidole ndipo nikapuliza blowa, maana ikiachwa izunguke kwa upepo inaweza kuharibika. Nikafuta dawa ya zamani ya kupitishia joto juu ya kichakataji, nikaweka mpya ukubwa wa punje ya mchele.

Na kwa kuwa nilishasainishwa daftari, kila kilichotoka na kilichoingia nilikwenda kukipima kwenye mizani ya jirani yangu muuza viungo. Diski ya zamani gramu 610. Kisomea DVD 700. Vumbi na vijidudu, ndani ya gazeti, 40 bila gazeti. Vilivyoingia: SSD na kishikizo chake 90, RAM 20. Muuza viungo aliniuliza kama nimeanza uganga. Nikamwambia bado.

Mashine ikawa inawaka kwa sekunde 41, kuanzia kitufe mpaka Ekseli.

Nilipoirudisha, mama alikuwa barazani na wavuvi wake, mabondo mabichi yanang'aa kwenye ndoo. Nikachomeka pale pale kwenye ekstensheni, nikawasha. Alikuwa ndiyo kwanza anageuka kumwita dada ainjike chai, akakuta Ekseli inamtazama.

"Hii ya nani?"

"Ya kwako, Mayu."

"Yangu haifanyi hivi. Weka hapo kwenye mizani."

Nikaweka. 8.37. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. Bado 8.37. Akafungua daftari. Wavuvi wakasogea, maana hakuna sinema ya bure kama fundi anayefumaniwa.

"Kilo mbili na gramu mia nne tisini," akasema taratibu. "Fundi, kilo mbili na nusu za kompyuta yangu umempelekea nani?"

"Mayu, vitu vibovu nimekurudishia." Nikatoa mfuko, nikaweka diski na kisomea DVD juu ya kasha. Mizani ikapanda mpaka 9.51, ikagoma.

"Bado kilo moja na gramu mia tatu hamsini."

Jasho likaanza kunitoka, si kwa hofu, ni kwa hesabu. Nikatoa karatasi yangu ya kwa muuza viungo. Nikawaeleza wote, kama niko mahakamani: vilivyotoka vyote viko hapa isipokuwa gramu 40 za wadudu, vilivyoongezwa ni gramu 110, kwa hiyo mashine hii pamoja na mfuko wake haitakiwi kupungua hata kidogo. Inatakiwa kuzidi kwa gramu 70. Isome 10.93.

"Kumi nukta tisa tatu," mzee mmoja mvuvi akarudia, mwenye kofia ya sufu na jua lote lile. "Na mara ya kwanza ilipimwa wapi?"

"Chumbani," nikasema. "Kwenye ile mizani ya ndani."

Nilimwona mama akinitazama, na nikaelewa kwamba ningenyamaza ningekuwa nimeishi vizuri zaidi. Lakini mzee alishainua kasha kifuani, vijana wawili wamebeba mfuko, wakaingia ndani bila hodi. Sauti ikatoka: "Kumi nukta tisa tatu!" Wakarudi nao barazani, wakapima tena. 9.51. Kijana mmoja akatoa simu, akagawanya.

"Asilimia themanini na saba. Kilo yangu inasomeka gramu mia nane sabini!"

"Msipige kelele," mama akasema. "Hiyo ya nje inakata maji. Bondo bichi lina maji, kila mtu anajua."

Mzee akaigonga kompyuta kwa kifundo cha kidole.

"Na hii ina maji gani, Mama?"

Hakuna aliyejibu kwa muda, mimi nikiwa wa kwanza kutojibu. Kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mmoja anataka wapigiwe simu watu wa Wakala wa Vipimo sasa hivi. Mwingine anataka tofauti ya mwezi mzima, na mwezi uliopita, na ule wa kabla yake. Mama, ambaye biashara anaijua, alikubali upesi kwamba mabondo ya siku ile yatapimwa ndani. Hayo ya nyuma, akasema, yanahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ziko kwenye kompyuta, na kompyuta, kama wanavyoijua wote, inachukua muda wake. Waende nyumbani, warudi kesho. Au kama wana haraka wakae, chai ndiyo inainjikwa.

Wakakaa. Kasha likarudishwa mezani, akabonyeza kitufe mwenyewe, akaanza kuwauliza habari za watoto. Alikuwa hajamaliza wa mvuvi wa pili Ekseli ilipofunguka kwenye ukurasa wa mwezi ule, majina upande wa kushoto, kilo upande wa kulia, na mzee wa kofia ya sufu tayari ameweka kidole kwenye jina lake.

Mimi nilidai changu kabla hesabu hazijaanza. Alinihesabia noti harakaharaka, macho hayatoki kwenye skrini, kisha akanivuta kando na kuninong'oneza:

"Mwanangu, ile diski ya zamani hairudishiki?"