Zimwi lisilokujua

Ugomvi ulianzia kwenye godoro kuukuu. Vijana wawili wa hapa Goma, dada na mdogo wake wa kiume, wanataka kupiga filamu fupi juu ya mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini. Mdogo alikuwa amekwisha kukata sponji ya godoro hilo atengeneze mkono wa dubwana litakalotoka kwenye ufa wa mawe ya volkano. Dada yake, ambaye amejifundisha mwenyewe kuchora kwa programu ya Blender, akamwambia anapoteza wakati: dubwana la sponji litachekesha watu, la kompyuta linaweza kupewa umbo lolote. Mdogo akajibu, "Yaya, hilo la kompyuta halina uzito. Mtu ataogopaje kitu kisichokanyaga chini?" Wakaja kwangu niwaamue, maana mimi ndiye ninayewaazima filamu. Sikuwajibu siku ile. Nimekaa na swali lao majuma mawili sasa, na naona kila mmoja ameshika ukweli ambao mwenzake hauoni.

Filamu wanazozipenda wote wawili ni za aina inayoitwa utisho wa kosmiki. Sisi tuna methali inayotusaidia kuielewa: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la hadithi za bibi linakujua. Lina njaa, lina wivu, lina kisa na ukoo wenu. Unaweza kulidanganya, kulilipa, au kulikimbia hadi jogoo awike. Utisho wa kosmiki ni habari za zimwi lisilokujua. Halikuchukii, wala halina habari kwamba upo. Limegeuka tu usingizini, na wewe ulikuwa umelala ubavuni mwake.

Hapa kwetu zimwi la namna hiyo lina jina. Mazuku ni kaboni dioksaidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikajikusanya kwenye mashimo na vibonde, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Mbuzi anashuka kula majani, analala, haamki. Mtu mzima anaweza kupita salama na mtoto aliyemshika mkono akaanguka, kwa sababu tu mtoto ni mfupi. Juu yetu kuna Nyiragongo, iliyoshusha lava mwaka 1977, ikapita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, ikarudi tena tarehe 22 Mei 2021. Chini yetu kuna Ziwa Kivu, ambalo katika vilindi vyake limeshikilia takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za metani. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana ukililinganisha na letu, lilitapika hewa yake usiku mmoja wa Agosti 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700. Ndiyo maana sikubali mtu anaposema kwamba filamu hizi ni mambo ya Wazungu waliochoka na maisha ya raha.

Nianze na upande wa mdogo, kwa sababu ndio uliouteka moyo wangu zamani.

Mwaka 1982 John Carpenter alitoa The Thing, filamu ya wanaume waliokwama kwenye kituo cha utafiti huko Antaktika pamoja na kiumbe kinachoweza kuiga mwili wowote. Kiswahili kingeliita filamu hiyo Dude, na jina lingekaa vizuri kuliko hata la Kiingereza, maana dude ni kitu ambacho hujui ukiite nini. Aliyetengeneza madude yale, Rob Bottin, alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Alitumia mpira wa povu, plastiki, nyaya na injini ndogo. Ute na nyama vikatoka kwenye ubani wa kutafuna uliopashwa moto, mayonezi, mahindi yaliyopondwa, jeli na jamu ya stroberi. Yaani nusu ya kutisha ile ilitoka jikoni.

Kuna tukio moja ambalo kila aliyeiona filamu hiyo analikumbuka. Daktari anajaribu kuuamsha moyo wa mgonjwa kwa mashine ya umeme, kifua cha mgonjwa kinafunguka kama kinywa na kumkata daktari mikono yote miwili. Ili kulipiga, walimtafuta mtu ambaye kweli hakuwa na mikono, wakamvika sura ya bandia iliyofanana na ya mwigizaji na mikono ya bandia yenye mifupa ya nta. Hakuna aliyechora chochote baadaye. Taa iliyomwangaza mwigizaji ndiyo iliyomwangaza dude. Kivuli chake kinaanguka pale vivuli vya wengine vinapoanguka. Mdogo anaposema "uzito" nadhani anataka kusema hili: jicho linajua, hata kama mwenye jicho hajui kueleza, kwamba vitu viwili vimekaa katika chumba kimoja.

Anayedhani kiumbe cha mikono ni kazi ya mpira peke yake amkumbuke Bolaji Badejo. Alizaliwa Lagos mwaka 1953, akawa mwanafunzi wa sanaa London, mwembamba, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Alionekana kwenye baa na mtu wa filamu, akavishwa vazi lililobuniwa na msanii wa Uswisi H. R. Giger, akawa ndiye kiumbe wa Alien ya mwaka 1979. Hakucheza filamu nyingine, na alifariki mwaka 1992. Jinsi kiumbe kile kinavyojikunja na kujikunjua polepole, kana kwamba hakina haja ya kuwahi popote, ni miguu na mikono ya Mwafrika mmoja ambaye watu wengi walioogopeshwa naye hawajawahi kusikia jina lake. Kila ninapowaazima vijana filamu hiyo nawatajia jina hilo kwanza.

Nasi watu wa Kongo hatuhitaji kuelezwa na Hollywood jambo hili. Mtoto anayekimbia kinyago cha kifwebe cha Wasongye au Waluba anajua kabisa kwamba ndani ya ile rafia kuna mtu, labda mjomba wake. Anakimbia vilevile. Kujua hakuondoi hofu, mradi kitu kiko mbele yako na kinakuja.

Sasa upande wa dada, na huu haukubali kupuuzwa kama wanavyoupuuza wapenzi wengi wa filamu za zamani.

Kwanza, mikono inashindwa, na hata katika The Thing ilishindwa. Dude la mwisho, lile kubwa kuliko yote, lilipangiwa sehemu ndefu ya kusogezwa kidogokidogo na kupigwa picha moja moja. Carpenter alipoiona aliona tofauti yake na matukio mengine, akaikata karibu yote. Kwenye filamu linaonekana kwa muda mfupi sana. Mikono inaumiza pia. Bottin alifanya kazi zaidi ya mwaka mzima bila siku ya mapumziko, akilala palepale kazini, hadi fundi mwenzake, Stan Winston, akaitwa kumsaidia tukio la mbwa, na mwisho wa kazi Bottin akalazwa hospitali kwa uchovu. Tunaposifu ufundi ule tuseme na bei yake.

Pili, kuna habari ya mwaka 2011. Ilitolewa filamu ya kusimulia yaliyotangulia yale ya 1982, kwa jina lilelile. Mafundi Alec Gillis na Tom Woodruff Jr. waliitengenezea madude halisi, kisha mengi yakafunikwa kwa picha za kompyuta kabla ya kutoka. Wapenzi walikasirika, na nilikuwa pamoja nao. Gillis akachangisha pesa kwa umma, akaongoza filamu yake mwenyewe, Harbinger Down, mwaka 2015, ya madude ya mikono kama tulivyolilia. Niliitazama kwa hamu kubwa. Ute ulikuwepo, mpira ulikuwepo, hofu haikuwepo. Usiku ule nilikiri kwamba nilikuwa nimeabudu sponji.

Hoja ya tatu ya dada ndiyo nzito. Kitu kisichojulikana kikipewa mwili, kimeanza kujulikana. Una mkono, basi una vidole. Una vidole, basi kuna unachotaka kukishika. Kompyuta, ikiongozwa na mtu mwenye akili, inaweza kutoa umbo lisilotulia. Katika Annihilation ya mwaka 2018, kiumbe cha mwisho hakina uso wala nia. Kinamwiga tu mwanamke aliyesimama mbele yake, hatua kwa hatua. Hiyo ni kazi ya kompyuta, na ni moja ya dakika za kutisha kuliko zote nilizoziona. Lakini hata hapo, nyuma ya picha kuna mtu: Sonoya Mizuno, mcheza dansi, aliyetembea na kugeuka katika chumba kimoja na mwigizaji. Dada alipenda nilipomwambia habari hii. Mdogo alipenda zaidi.

Hapo ndipo nilipofikiri tumemaliza: mwili halisi, kompyuta ya kumalizia, kila mtu apate chake. Kisha nikamkumbuka H. P. Lovecraft, Mmarekani aliyekufa mwaka 1937, ambaye hadithi zake ndizo chemchemi ya utisho huu wote. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba hofu kubwa ni ya kisichojulikana. Lakini alipotaka kukipa kisichojulikana mwili, mara nyingi alichukua mwili wa mtu mwingine. Mwaka 1921 ilichapishwa hadithi yake ya Arthur Jermyn, bwana wa Kiingereza anayejiua baada ya kugundua kwamba bibi wa ukoo wake alikuwa sokwe mweupe kutoka Kongo. Hadithi yake nyingine inazunguka kitabu cha zamani juu ya ufalme wa Kongo chenye picha ya duka la nyama ya watu. Ulimwengu mzima usiotujali ulikuwa mkononi mwake, na akatafuta kutisha kwenye nchi yetu. Inaniuma kila ninapoisoma, kwa sababu sehemu nyingine za kazi yake nazipenda kweli.

Na hilo limenirudisha kwenye sponji ya godoro. Mdogo anatengeneza mkono. Mkono una vidole vitano, ni mweusi, umekunjamana, una kucha. Nilipouona niliona ufundi mzuri. Lakini mtazamaji wa hapa Kivu akiona mkono mkongwe unatoka ardhini na kumvuta mtoto, swali lake la kwanza litakuwa: ni wa nani? Nani ameutuma? Mazuku itakuwa imekuwa zimwi likujualo, na palipo na zimwi likujualo hutafutwa mwenyewe. Tunajua anatafutwa wapi. Ni yule mama mzee anayekaa peke yake mwisho wa barabara, au mtoto wa kambo asiyependwa. Watu wamepigwa na kuuawa katika nchi hii kwa tuhuma za uchawi. Kitu ambacho kazi yake yote ni kutomjua mtu tusikipe mkono wa jirani.

Niliwahi kuona jinsi jambo hili linavyotokea kwa wepesi. The Thing niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, na juu ya sauti ya Kiingereza mfasiri alikuwa akisimulia kwa Kiswahili. Alikuwa hodari, kibanda kizima kilimshangilia. Dude lilipotokea akaliita shetani, akatuambia limekuja kulipiza kisasi kwa sababu wale Wazungu walichimba kaburi lake. Ikawa hadithi nzuri ya kisasi. Nilipoiona tena miaka mingi baadaye bila mfasiri, nikagundua kwamba hakukuwa na kisasi chochote, na ndipo nilipoogopa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mdogo: endelea na mikono, uko sahihi kuhusu uzito. Sponji, rafia, mipira ya ndani ya magurudumu, mawe meusi yenyewe, vyote viko hapa mjini kwa bei ndogo, na havizimiki umeme unapokatika kama inavyozimika kompyuta ya dada yako katikati ya kazi ya siku mbili. Ila usitengeneze mkono. Jibu langu kwa dada: uko sahihi kwamba umbo linaua hofu hii, lakini kompyuta nayo hutoa maumbo tu, hata yale yasiyotulia.

Jumapili iliyopita niliwaita nyumbani tujaribu kitu. Mazuku halisi hairuhusiwi kuchezewa, kwa hiyo tulichukua beseni kubwa la kufulia, tukapanga mawe ya volkano ndani yake mpaka likafanana na kibonde, tukamwaga bikaboneti na siki, tukangoja povu litulie. Dirisha lilifungwa nusu tu, kwa usalama. Mdogo akawasha mshumaa na kuufunga kwenye waya, dada akashika kamera ya simu karibu na mawe. Mshumaa ukashushwa polepole. Kwenye ukingo wa beseni uliwaka vizuri. Kiganja kimoja chini yake moto ukainuka kidogo kutoka kwenye utambi, kana kwamba unatafuta pa kushika, ukazimika. Hapakuwa na upepo. Moshi wake haukupanda. Ulilala juu ya kitu tusichokiona na kutuonyesha kimefika wapi.

Dada akasema turudie, safari hii na kiatu cha mtoto kando ya mawe.