Kijitabu cha maelekezo: kurasa zipunguzwe au ziongezwe?

Fungua boksi la mashine ya kupimia presha nyumbani, utakuta kijitabu ndani. Kurasa za mwanzo ni maonyo matupu. Namna ya kufunga mkanda mkononi inakuja mbele huko, na wengi hawafiki. Mtu anafunga mkanda juu ya shati, anakaa akiwa amekunja nne, anaongea na aliye jirani huku mashine ikijaza hewa, kisha anaandika namba aliyoipata. Kukunja nne na kuongea vimeipandisha, shati nalo limeivuruga kwa kiasi kisichotabirika, na skrini haimwambii lolote. Kijitabu chenye kila kitu kimeshindwa kumpa kile kimoja alichokihitaji.

Wanaodai maelekezo yawe mafupi huanzia hapo, na hoja yao imesimama juu ya utafiti mzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Carroll na wenzake katika kituo cha utafiti cha Watson cha kampuni ya IBM, Marekani, waliwachunguza wafanyakazi wa ofisini wakijifunza kuandika barua kwa kompyuta. Vitabu walivyopewa vilikuwa vimepangwa kwa utaratibu, somo baada ya somo. Wasomaji hawakuufuata utaratibu huo. Waliruka kurasa, wakajaribu vitufe kabla ya kumaliza utangulizi, wakakosea hatua moja na kuendelea na inayofuata bila kujua kwamba skrini yao haifanani tena na ile ya kitabuni. Kitabu kiliandikwa kana kwamba kila hatua imefanikiwa, kwa hiyo aliyepotea njiani hakuwa na pa kurudia. Mwaka 1987 Carroll na Mary Beth Rosson walilieleza tatizo hilo waziwazi: mtumiaji anataka kazi yake iishe, na hatatenga muda wa kujifunza hata kama kujifunza kungemwokolea muda mwingi baadaye.

Dawa yao ilikuwa kijitabu kilichokatwa hadi mfupani. Utangulizi, mihtasari na marudio viliondolewa, sura zikawa za kurasa chache, na kila sura ikaanza na kazi halisi. Waliokitumia walijifunza haraka zaidi kuliko waliotumia kitabu kikubwa. Mwaka 1995 Carroll na Hans van der Meij wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walizipanga kanuni zake katika mafungu manne: anza na kitendo, kifungamanishe kifaa na kazi ya mtumiaji, msaidie atambue kosa na kulirekebisha, na uandike kwa ajili ya mtu anayesoma huku akitenda, akisoma kwa kina au akitafuta kitu kimoja tu.

Fungu la tatu ndilo linalosahaulika, na kwa maoni yetu hapo ndipo mjadala mzima ulipopindishwa. Kijitabu cha Carroll kilikuwa kifupi, lakini habari za makosa kiliziongeza. Watengenezaji wengi wamelichukua neno “mfupi” peke yake. Bajeti ya uchapishaji ikibana, sehemu ya kwanza kuondoka ni ile ya “ukiona hivi, fanya hivi”, kwa sababu mwandishi akiwa mezani na kifaa kinachofanya kazi vizuri haoni haja yake. Kinachobaki ni orodha ya vitendo isiyo na mlango wa kurudia.

Upande wa pili nao una hoja zisizopuuzika. Carroll alifanya kazi kwenye kompyuta za kuandikia, ambako kosa hugharimu karatasi. Kumwacha mtu ajaribu mwenyewe ni busara pale tu jaribio linapoweza kutenguliwa. Kwenye msumeno wa umeme, mtungi wa gesi au chupa ya dawa haliwezekani hilo. Pia msomaji si mmoja. Kuna anayefunga mashine, anayeitumia kila siku, anayeisafisha, fundi wa kuitengeneza na anayeitupa ikichoka. Kiwango cha kimataifa IEC/IEEE 82079-1, toleo la 2019, kinataka maelezo yafuate maisha yote ya bidhaa, na ukurasa mmoja hauwezi kuyabeba. Halafu kuna sheria. Nchini Marekani, muhtasari wa sheria ya dhima ya bidhaa (wajibu wa mtengenezaji kwa madhara ya bidhaa yake) wa mwaka 1998 unahesabu maelekezo au maonyo pungufu kuwa kasoro ya bidhaa, sawa na kasoro ya usanifu au ya utengenezaji. Wakili anayesema “ongeza onyo” hafanyi hivyo kwa kupenda maneno.

Hata hivyo, onyo la ishirini huliua la kwanza. Kiwango cha ISO 12100 kuhusu usalama wa mashine kinaweka utaratibu: kwanza ondoa hatari katika usanifu, ikishindikana weka kinga, na maelezo yaje mwisho, kwa ajili ya hatari iliyobaki. Kijitabu kinachokuonya usiguse meno ya gia yaliyoachwa wazi kinafanya kazi ya kifuniko ambacho hakikutengenezwa. Maneno ya kichwa cha onyo nayo yana ngazi. Kwa viwango vya Marekani vya mfululizo wa Z535, HATARI ni pale kifo au jeraha kubwa litatokea usipojiepusha, ONYO ni pale linaweza kutokea, TAHADHARI ni kwa jeraha dogo au la wastani, na uharibifu wa mali pekee una neno lake tofauti. Tafsiri nyingi huyachanganya, na msomaji hubaki bila njia ya kupambanua kinachoua na kinachokwaruza.

Tusidhani pia kwamba sentensi fupi hueleweka kwa kuwa ni fupi. Mwaka 2006 Terry Davis na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 395 nchini Marekani waliosomeshwa lebo za dawa. Lebo moja ilisema: meza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya wenye uwezo mdogo wa kusoma, 70.7% waliweza kuirudia kwa usahihi. Walipoombwa waonyeshe ni vidonge vingapi vya siku nzima, walioweza walikuwa 34.7% tu. Sentensi imeingia na kutoka nzima, lakini hesabu iliyokuwa ndani yake haikufanyika, kwa sababu mwandishi amemwachia mgonjwa kuzidisha. “Asubuhi vidonge 2. Jioni vidonge 2. Jumla vidonge 4 kwa siku” ni maneno mengi zaidi, na ni bora mara nyingi zaidi.

Kwa anayeandika Kiswahili kuna mtego mwingine hapo hapo: saa. “Meza saa mbili asubuhi” ni sahihi mdomoni, lakini anayetegesha kengele ya simu anatakiwa kuona 08:00. Andika yote mawili. Vivyo hivyo, kanuni za urefu wa sentensi haziwezi kunakiliwa zilivyo. Kiwango cha ASD-STE100, kilichotokana na miongozo ya matengenezo ya ndege, kinaruhusu maneno 20 katika sentensi ya hatua, lakini kilitungwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno: “usikifungue” lina katazo, kifuniko na kitendo kwa pamoja. Maneno 20 ya namna hiyo ni mzigo mkubwa. Tena katazo letu limejificha kwenye silabi mbili za mwanzo, na jicho linalopita haraka huweza kusoma “fungua”. Katazo lipewe mstari wake, kwa herufi nzito, lisichomekwe katikati ya hatua. Na sharti litangulie kitendo: “Taa ikiwaka nyekundu, zima mashine.” Ukianza na “zima mashine”, kuna atakayeizima kabla ya kufika kwenye taa.

Tukirudi kwenye mashine ya presha, ukurasa wa kutendea ungeweza kuwa hivi:

1. Kama umekunywa kahawa, umevuta sigara au umefanya mazoezi, subiri dakika 30. Nenda haja ndogo kwanza.
2. Kaa dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni.
3. Funga mkanda kwenye mkono usio na nguo. Ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko.
4. Laza mkono mezani, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono ukining’inia, namba hupanda.
5. Bonyeza kitufe cha kuanza. Usiongee. Usisogee. Mkanda ukijaa hewa tena wenyewe, mashine haijaharibika: haikuweza kusoma, mara nyingi kwa sababu mkono umesogea.
6. Andika namba zote mbili. Subiri dakika 1, kisha pima tena.

Mshabiki wa ufupi angekata sentensi ya mwisho ya hatua ya 4 na ile ya mwisho ya hatua ya 5, kwa kuwa si vitendo. Tungezitetea zote mbili. Kila sentimita 10 mkanda unapokuwa chini ya moyo, uzito wa damu yenyewe huongeza karibu milimita 8 za zebaki (kipimo cha presha), kiasi kinachotosha kumhamisha mtu kutoka presha ya kawaida hadi ya kutiliwa shaka. Mwenye kuijua sababu, akikosa meza, ataweka mto. Asiyeijua ataiacha hatua. Ile ya hatua ya 5 inamzuia mtu asiuvue mkanda kwa hofu. Saizi ya mkanda, mara nyingi kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, ikae kwenye boksi na juu ya mkanda wenyewe, maana akiufikia ukurasa huu ameshanunua. Mkanda mdogo kuliko mkono hupandisha namba kila mara, na hakuna hatua itakayousahihisha. Betri, usafishaji na orodha ya alama za hitilafu viende kwenye kijitabu kikubwa, ambacho hakina ubaya kuwa kirefu ilimradi kina faharasa nzuri.

Wanaopendekeza picha tupu, ili kuepuka tafsiri, wana hoja ya gharama. Lakini David Stone na Marvin Glock, mwaka 1981, waliwapa watu kazi ya kuunganisha mfano wa kigari cha kubebea mizigo, na waliofanya makosa machache zaidi walikuwa wale waliopewa maneno pamoja na picha. Picha huonyesha mkanda ukae wapi. Haiwezi kusema “subiri dakika 5”.

Linabaki swali la jinsi ya kujua kama umekata panapofaa. Desturi ni kuwapa watu 5 kijitabu na kifaa, ukae kimya, uangalie wanapokwama. Kwa hatua inayomkosesha mtu 1 kati ya 3, watu 5 wana nafasi ya karibu 87% ya kuifichua angalau mara moja, na kwa mashine ya presha hiyo ni kazi ya asubuhi moja yenye faida kubwa. Hatua inayomkosesha mtu 1 kati ya 20 ni jambo jingine: nafasi ya watu 5 kuifichua ni karibu 23%, na ukitaka 95% unahitaji watu 59. Kwenye pampu ya kuingiza dawa mwilini, mtu 1 kati ya 20 ni wengi mno, na ni watengenezaji wachache watakaowaketisha 59. Hapo mwandishi wa maelekezo ana haki ya kurudisha karatasi kwa wahandisi na kudai kiungio kisichoweza kuingia kinyume.